Mama Anataka Binti Aonekane Mweupe, Binti Anasema Picha Si Yake

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa Tanga mwenye umri wa miaka 29, na huu ni mwaka wa tano tangu nihamie Louisville, katika jimbo la Kentucky, Marekani. Siku za kazi ninashinda ghalani nikipakia mizigo; jioni na mwisho wa juma ninapiga picha. Wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaoingia darasa la kumi na mbili, yaani mwaka wa mwisho wa sekondari, kwa kuwa hapa ni desturi mwanafunzi wa mwaka huo apigwe picha rasmi za kuagana na shule. Moja huingia katika kitabu cha mwaka cha shule, nyingine hutundikwa sebuleni, nyingine hutumwa kwa jamaa walio mbali. Msimu huanza shule zinapofungwa na kuendelea hadi majani yanapopukutika. Ninawapiga picha Wamarekani wa kila rangi, lakini zaidi ya nusu ya kazi yangu hutoka kwa familia za Kikongo na Kirundi zinazozungumza Kiswahili, nyingi zikiwa zimepitia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, na wazazi hunipendelea kwa sababu wanaweza kunieleza wanachokitaka bila mkalimani.

Katikati ya Agosti alinijia mama mmoja na binti yake wa miaka 17. Mama alikuwa na uchungu wa picha ya mwaka uliotangulia, iliyopigwa shuleni, ambayo ilimtoa binti kama kivuli: macho hayaonekani, yanaonekana meno tu. Tulikubaliana dola 250 kwa picha 20 zilizosafishwa na moja kubwa ya kutundika ukutani, naye akatanguliza 100. Hatukuandikiana chochote. Tulikwenda Waterfront Park saa kumi na nusu jioni, wakati ambao nimezoea kuupenda tangu nyumbani, nikamsimamisha binti huku mto Ohio na daraja la Big Four vikiwa nyuma yake. Alivaa gauni la kitenge alilolishona mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, akacheka sana, nami nikaondoka nikiamini kwamba kazi imekwenda vizuri.

Mama alipoziona picha kwenye simu aliniambia, "Kaka, mtoto wangu umemfanya mweusi," akaniomba nimng'arishe. Shangazi, sikusita hata kidogo. Kazi hii nilijifunza katika studio ya mjomba wangu, na pale kumng'arisha mteja ilikuwa sehemu ya kumheshimu, kama kumpangusia kiti kabla hajakaa. Niliipandisha rangi ya uso kwenye kompyuta mpaka mama akaridhika. Nikamchapia picha ya inchi 16 kwa 20, akaitundika, na nyingine akazituma kwa WhatsApp hadi Uvira na Bujumbura, ambako zilisifiwa mno. Mimi nami niliiweka moja kwenye ukurasa wangu wa biashara.

Wiki iliyofuata binti aliniandikia: "Kaka, yule si mimi. Mama ametundika msichana mwingine." Anazitaka picha zake halisi, na mwalimu anayesimamia kitabu cha mwaka anataka kuipokea moja kabla ya mwisho wa Septemba. Mama amesema kwamba nikimpa binti hizo alizoziita nyeusi, dola 150 zilizobaki nisizitarajie. Wakati huohuo akina mama wengine watatu wamenipigia simu wakitaka mabinti zao "watoke kama yule". Msimu huu ndio unaonilipia kodi ya nyumba wakati wa baridi. Je, mteja wangu ni yupi, anayelipa au anayepigwa picha? Na hawa akina mama, ambao huku ugenini wamekuwa ndugu zangu, nitawakatalia vipi bila kuwavunjia heshima?

Mpigapicha, Louisville

*

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama pale pale, kwenye maneno ya mama: "Mtoto wangu umemfanya mweusi." Wewe uliyasikia kwa maana moja tu, ukakimbilia kompyuta. Mimi niliyefanya kazi ya kuchapa picha katika chumba cha giza kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuandika safu hii, nimeyasikia maneno hayo kutoka kwa wateja wengi, na nimejifunza kwamba yana maana mbili ambazo mpigapicha hana ruhusa ya kuzichanganya. Mteja anaweza kuwa analalamikia giza, na anaweza kuwa analalamikia weusi. Giza ni upungufu wa mwanga, na ni kosa la mwenye kamera. Weusi ni ngozi ya mtoto, na si kosa la mtu yeyote.

Sasa hebu tuitazame siku ile kama ulivyoieleza mwenyewe. Ulipiga picha saa kumi na nusu. Tanga, saa hizo jua limekwisha kulainika na limebakiza kama saa mbili lizame. Louisville mwezi wa Agosti jua huzama baada ya saa mbili usiku, kwa hiyo saa kumi na nusu bado liko juu na kali, na vivuli vyake huangukia kwenye matundu ya macho. Saa ya Tanga ulisafiri nayo, jua lake hukusafiri nalo. Kisha ulimsimamisha binti mwenye ngozi nyeusi mbele ya mto unaometameta. Kamera inapojipimia mwanga yenyewe hujaribu kuifanya picha nzima iwe na wastani wa kijivu. Ikiona maji na anga vimejaa mwanga, hupunguza mwanga wa picha yote, na anayelipa gharama ni uso ulio mbele. Ndiyo kusema kwamba picha zako zilitoka na giza kwa namna ile ile ya picha ya shuleni ambayo mama alikuja kwako akiikimbia. Malalamiko yake, kwa sehemu hiyo, yalikuwa ya haki.

Hapo ndipo ninapokulaumu, na ninakulaumu kwa upendo. Badala ya kuliondoa giza, uliibadilisha ngozi. Ninajua jinsi inavyofanyika: katika programu za kuhariri, ngozi zetu husomwa zaidi kama rangi ya machungwa na nyekundu, na anayetaka kumfanya mtu mweupe huzipandishia mwangaza rangi hizo peke yake, kisha huzipunguzia nguvu. Matokeo yake ni uso uliochuja, usio na wekundu wa ndani wala mng'ao wa mashavu, uliokaa juu ya shingo na mikono ya rangi nyingine. Huo ni mkorogo wa kompyuta, mwanangu. Tofauti yake na mkorogo wa dukani ni kwamba huu hauunguzi ngozi, lakini habari unayompa binti ni ile ile. Alishona gauni lake, akaja, akacheka mbele ya lenzi yako, kisha watu wawili wazima aliowaamini wakakaa bila yeye na kukubaliana kwamba alivyo hatoshi kutundikwa ukutani.

Usinielewe kwamba mjomba wako alikuwa mtu mbaya. Alirithi kazi ambayo vifaa vyake havikutengenezwa kwa ajili ya wateja wake. Tangu miaka ya 1950, kampuni ya Kodak ilizipelekea maabara za kusafishia picha kadi ya kupimia rangi yenye picha ya mwanamke mzungu, na kadi hizo zikaitwa Shirley kwa jina la mwanamitindo wa kwanza. Uso wake ukitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa imewekwa sawa. Nyuso zetu zilipita katika mashine zilizopimwa kwa uso wake, zikatoka bila pua wala paji. Katika utafiti uliofanywa baadaye kuhusu kadi hizo, watu waliofanya kazi Kodak walieleza kwamba msukumo mkubwa wa kuiboresha filamu kwa rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikuwa zikionekana vizuri katika matangazo. Ninapolikumbuka hilo ninaumia kila mara. Mafundi wetu wa Tanga, Mombasa na Bujumbura walijifunza kung'arisha kwa sababu kung'arisha kulikuwa njia pekee waliyokuwa nayo ya kumrudishia mtu macho yake. Wewe una kamera ambayo filamu ya mjomba haikuweza kuifikia hata kwa ndoto. Sababu ya kung'arisha imekwisha. Iliyobaki ni desturi.

Unauliza mteja wako ni yupi. Ni wote wawili, lakini kila mmoja ana eneo lake. Anayelipa huamua idadi ya picha, ukubwa, karatasi, fremu, mahali, na hata nguo kama mtoto ni mdogo. Uso ni wa mwenye uso. Fundi mwema wa picha za wanafunzi huondoa kile ambacho kingeondoka chenyewe baada ya wiki mbili, kama vile chunusi, mkwaruzo, au midomo iliyokauka, na hukiacha kile ambacho mtu atakuwa nacho mwakani: kovu, baka la kuzaliwa, mwanya, rangi. Akitaka kukigusa, humuuliza mwenyewe kwanza. (Mwanya nimeutaja kwa makusudi. Wenzako wa huko wanaweza kuuziba bila kuuliza, kwa kuwa hawajui kwamba kwetu ni pambo.)

Basi, leo hii, kabla ya jambo lolote, iondoe ile picha kwenye ukurasa wako wa biashara. Binti ana miaka 17. Kentucky humhesabu mtu kuwa mzima akifikisha 18, na kwa tangazo la biashara ilifaa uwe na idhini ya mzazi kwa maandishi, ambayo huna. Idhini yake yeye hukuiomba kabisa. Kisha mwandikie binti kwa ufupi, umwambie kwamba umekosea, kwamba picha umeiondoa, na kwamba utazungumza na mama yake. Usimweleze historia ya kazi wala ugumu wa maisha yako, na usimwombe akuelewe. Kubwa zaidi, usimpe picha kwa siri. Ukifanya hivyo utakuwa umemfanya mshirika wako dhidi ya mama yake, na nyumba ile itaendelea kuulipia ushirika huo wewe ukiwa umeshasahau.

Mama usimpigie simu, mwendee. Nenda kama mdogo wake, umsalimie, unywe chai, na uanze na kosa lako kabla ya kulifikia lake. Mwambie hivi: "Dada, uliniambia picha zina giza nami sikukusikia. Nilimpiga mtoto saa mbaya na mahali pabaya, uso ukakosa mwanga, na badala ya kulirekebisha kosa langu nilimbadilisha mtoto. Nakuomba nizirudie bila malipo, na nikuombe na wewe uje upigwe naye." Maneno hayo ni ya kweli yote, na hayamwachii aibu ya kujitetea. Mama huyu amewalea watoto katika nchi tatu, na amekuwa akiona jinsi binti za rangi ya maji ya kunde wanavyochumbiwa, kusifiwa na kupewa nafasi kabla ya wengine. Alipoituma ile picha Uvira alikuwa akiwaambia ndugu zake kwamba safari haikupotea bure. Usimhubirie kuhusu kujipenda. Mpe picha nzuri zaidi ya ile iliyoko ukutani, maana hilo ndilo alilolilipia.

Kazi ya kurudia uifanye kama fundi. Sasa ni Septemba, jua lenu linazama karibu na saa mbili usiku, kwa hiyo panga saa kumi na mbili na nusu jioni. Tafuta kivuli kilicho wazi upande mmoja, chini ya mti mkubwa wa Cherokee Park au kwenye baraza ya nyumba yao wenyewe, ili mwanga uje kutoka ubavuni ukiwa mpana na laini. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao kuliko kwa kivuli: mwanga mpana ukilala kwenye shavu, kwenye mfupa wa pua na kwenye paji, uso unainuka wenyewe kutoka kwenye picha. Flashi ya kamera ikimpiga mtu usoni moja kwa moja huutawanya mng'ao huo kuwa madoa, basi iache mfukoni. Mpe mama ubao mweupe aushike chini kidogo ya kifua cha binti ili urudishe mwanga kwenye macho. Wazazi hupenda kuwa na kazi, na kwa kuushika atauona kwa macho yake uso wa mwanawe ukipata uhai bila kompyuta. Pima mwanga kwenye uso, si kwenye picha nzima. Jihadhari na majani mabichi yaliyo karibu, kwa sababu hutia ukijani kwenye ngozi, na piga picha moja ya kadi ya kijivu ili rangi uziweke kwa kipimo badala ya kuzikisia. Nyuma yake weka kitu kilichotulia, chenye rangi nzito kidogo kuliko uso au nyepesi kidogo, lakini si maji yanayong'aa.

Hata zile picha za Agosti usizitupe. Kama ulizihifadhi katika faili ghafi (RAW, yaani picha kama kamera ilivyoinasa kabla ya kuichakata), zifungue upya na uinue vivuli vyote kwa pamoja, uso, shingo na kitenge, mpaka macho yaonekane, bila kuigusa rangi moja peke yake. Ipo tofauti kubwa kati ya kuwasha taa chumbani na kumpaka mtu chokaa, na ukizilinganisha picha mbili kwa utulivu utaiona tofauti hiyo wewe mwenyewe.

Jambo jingine: usimwonyeshe mama kwenye simu. Kioo cha simu hubadilika kwa mwanga wa chumba na kwa mipangilio ya mwenye simu, na WhatsApp huibana picha kabla ya kuituma. Chapa tatu ndogo kwenye karatasi nzuri, za inchi 5 kwa 7, uziweke mezani mchana karibu na dirisha, na umwache binti akae upande wa pili wa meza hiyo hiyo. Mama atamtazama mtoto, ataitazama karatasi, kisha atamtazama mtoto tena. Usiseme neno. Akichagua, mchapie ile kubwa ya inchi 16 kwa 20 kwa gharama yako, hata kama itakumaliza faida yote, kisha ndipo udai zile 150. Akikataa katakata, mwache na picha aliyonayo ukutani, samehe hizo dola, na umwombe kitu kimoja tu: ruhusa ya binti kupeleka shuleni picha anayoitambua. Sidhani kama mama aliyekuja kwako kwa uchungu wa picha iliyomfuta mwanawe atalikataa hilo. Kuhusu kitabu cha mwaka, mwambie binti aulize mapema kama shule inapokea picha ya mpigapicha wa nje, kwa kuwa shule nyingi za Marekani zina mkataba na studio yao kwa ile picha rasmi.

Sheria iko upande wako katika sehemu moja. Kwa sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1976, aliyeipiga picha ndiye mwenye haki juu yake mpaka aihamishe kwa maandishi. Ulimuuzia mama karatasi, hukumuuzia mamlaka ya kukuamuru namna ya kuibadilisha. Nakueleza hili ulijue moyoni, si ulipeleke kwenye kochi la mama wa watu.

Hao akina mama watatu wanaosubiri uwaambie kabla hawajatoa hata senti. Waambie: "Mimi ninaondoa chunusi na giza, rangi ya mtoto siigusi." Sentensi hiyo hiyo uiandike kwenye mkataba wa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, pamoja na bei, idadi ya picha, nani ataruhusiwa kuziweka mtandaoni, na mahali pa sahihi mbili, ya mzazi na ya mwanafunzi, hata kama ya mwanafunzi wa miaka 17 peke yake haina nguvu ya kisheria. (Humo humo uonyeshe kodi ya mauzo ya asilimia 6, kwa kuwa tangu Januari 2023 Kentucky huitoza huduma ya upigaji picha, na deni la kodi halijui undugu.) Mmoja kati ya watatu huenda akaondoka. Wawili waliobaki watataka kuona mfano, na hapo utahitaji albamu ya nyuso nyeusi zilizopigwa vizuri, kubwa, kwenye karatasi, ya kuwawekea mikononi. Huna albamu hiyo sasa. Ianze na binti huyu, ukimwomba ruhusa yeye na mama yake.

Nikupe na mtu wa kumkumbuka ukiwa kazini, kwa kuwa ni wa nchi hiyo unayoishi. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwani mwaka 1838, alikuja kuwa Mmarekani aliyepigwa picha nyingi kuliko wote katika karne ya 19. Zinazojulikana zinafikia kama 160. Alikwenda studio kwa makusudi, mwaka baada ya mwaka, akikaza uso na kutazama mbele, kwa sababu wachoraji wa zama zake walikuwa wakiwachora watu weusi kama vikaragosi, naye aliiamini kamera kwamba itamwonyesha mtu mweusi alivyo. Siku utakapomwinamishia kamera binti wa Kikongo chini ya mti wa Cherokee Park, hiyo ndiyo imani unayoishika mkononi.

Mama akishachagua karatasi yake pale dirishani, niandikie unieleze ameichukua ipi, na kama alikubali kupigwa pamoja na mwanawe.

Shangazi yako